Chumba cha Mbele Hakipangishwi

Sogeeni karibu, wanangu, sauti yangu haifiki mbali tena na sina nguvu za kurudia neno. Mkubwa, weka hiyo simu mfukoni, wateja wako wa nyumba watakusubiri, mimi sitakusubiri. Na wewe mdogo wake, muuguzi wangu, acha kunishika mkono kila dakika kutafuta mapigo, moyo ukisimama utajua tu. Niinulieni mto kidogo. Hapo, hapo. Najua mnaona haya kwamba kitanda changu kiko katikati ya makreti ya kabichi, na kwamba saa kumi watu watapita hapa kuchukua mboga zao huku mama yenu akihangaika na pumzi. Mimi sioni haya hata chembe. Nilisema nitafia chumba hiki, na ndimo nilimo.

Nianze na la asubuhi, maana mlidhani nimelala. Nilimwona yule fundi ujenzi wako, Mkubwa, akivuta futi kutoka dirishani mpaka mlangoni, akafika hapa kitandani, akaipitisha juu ya miguu yangu kana kwamba mimi ni meza. Nikamsikia akikunong'oneza kwamba maduka mawili yanatoka hapa bila shida, nawe ukamjibu, subiri kidogo. Subiri nini, mwanangu? Nilitaka kucheka, nikashindwa. Niliumia, nakwambia wazi, niliumia kuliko huu ugonjwa.

Sasa sikieni neno lenyewe. Baba yenu aliiandika nyumba hii kwa majina matatu, langu na yenu wawili, ili asitokee mmoja wa kuwaburuta wenzake. Karatasi ya makubaliano yetu iko pale juu ya mizani. Vyumba vya nyuma na ua mtagawana wenyewe, mkipatana mmepatana, mkitaka kutoana macho, basi toaneni macho mimi nikiwa nimeshazikwa. Lakini chumba hiki kinabaki cha ushirika wa shamba, siku zote ambazo shamba litakuwepo. Mimi nimetia sahihi, mdogo wako ametia. Limebaki jina lako, Mkubwa, na bila hilo ile karatasi ni ya kufungia dagaa.

Wewe unasema mboga zinaweza kugawiwa popote, hata chini ya turubai. Wewe huelewi, kwa sababu hukuwepo. Baba yenu alipofariki nyumba hii ilinyamaza mno. Nilikuwa nashona humu mchana kutwa nikizungumza na cherehani, na chakula nikipika nilikuwa nakila nimesimama, maana kukaa mezani peke yangu kulinishinda. Ndipo akaja Mama Samadi kupimwa gauni. Jina hilo alipewa kwa sababu ya marundo yake ya mbolea, na mwenyewe analipenda. Akaniambia amechoka na wachuuzi wanaozikataa nyanya zake eti ndogo, zina madoa, kwa kuwa yeye hapulizii sumu. Sitaki wateja, akasema, nataka nyumba thelathini ziingie shambani pamoja nami, tuamue wote cha kupanda, tupalilie wote, udongo ukitoa kingi tule kingi, ukitoa kidogo tule hicho hicho kidogo. Nikamwambia, wewe mwanamke una wazimu. Wiki ya pili nikawa mwanachama wa kwanza, na vikapu vikawa vinagawiwa hapa kwangu. Nyumba ikapata sauti za watu tena.

Sasa nitawaambia jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Mwaka wa mvua ya mawe shamba zima lilitoa debe moja na nusu la nyanya. Mimi ndiye niliyekuwa napanga vikapu. Nikachagua zile nzuri, ngumu, nyekundu, nikazifunika kwa kitambaa chini ya cherehani, wenzangu nikawawekea zilizopondeka. Niliiba. Hamna haja ya kutazamana, neno ni hilo. Niliiba kwa ajili yako, Mkubwa. Mkeo alikuwa mjamzito na tumbo lake lilikuwa halikubali kitu ila nyanya, ulikuja hapa macho mekundu kwa kukosa usingizi, nami nikasahau kwamba na wengine wana watoto.

Mama Samadi aliona. Alikiinua kile kitambaa kwa kidole kimoja, akakirudisha, hakusema kitu mbele za watu. Kwenye kikao cha wiki iliyofuata akaleta kanuni mpya, kwamba anayepanga vikapu achukue chake mwisho, kile kilichobaki baada ya wote kuchagua. Mkono wangu ulikuwa wa kwanza kunyooka. Miaka kumi na mmoja nimechukua cha mwisho. Wewe ukawa unakuja Jumapili kunitania, mama, karoti zako zina miguu miwili, mama, kabichi hii imeliwa na funza, na mimi nile nini. Ulikuwa unaila adhabu yangu, mwanangu, na kidogo ilikuwa yako. Wangeweza kunifukuza na kuniacha nirudi kula nimesimama. Waliniachia mizani na ufunguo. Ndiyo maana siwezi kuwafungia mlango, hata nikiwa maiti siwezi.

Maji. Kidogo tu.

Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara. Huyu mnamjua. Alikwenda ofisi ya mtaa kunisema kwamba nimefungua soko ndani ya nyumba, wakaja watu kunipekua mpaka kabati la nguo za ndani. Sijamsamehe. Msije mkasimama makaburini mkasema marehemu alikufa amemsamehe kila mtu, mtakuwa mmenisingizia. Lakini leo naye ni mwanachama, na kikapu chake sijakipunguza hata kitunguu. Msije mkanilipizia kisasi kwa mboga za watu.

Cherehani ni yako, muuguzi. Najua hushoni. Ipake mafuta, basi. Nafasi yangu shambani hairithiwi, anayeitaka akapalilie msimu mzima kwanza ndipo wamjadili, na msimpelekee Mama Samadi habari za unajua mimi ni mtoto wa nani.

Haya, Mkubwa. Nijibu.

Umesikia? Sikukuuliza kama una masikio. Unafikiri? Fikiri huku unafanya kazi, vikapu havijapangwa na watu wameshaanza kukohoa pale nje. Inuka. Kunja hilo shati. Kabichi chini, mwanangu, chini, nyanya utaziponda... hivyo. Mchicha juu. Pima tena hicho, kimezidi. Dalali mzima hujui kusoma mizani? Hivyo hivyo. Una mkono mzuri, sikujua.

Mbona umesimama? Unafanya nini hapo... Kalamu iko kwenye droo ya cherehani. Taratibu. Andika jina lote. Usiililie karatasi, wino utachuruzika, halafu waseme nilikulazimisha. Sikukulazimisha. Muuguzi, umeshuhudia? Sikumlazimisha.

Njooni hapa wote wawili. Vichwa... viwekeni hapa. Mungu awape afya, awape watu wa kula nao. Msipungukiwe na watu. Mkigombana mpatane kabla chakula hakijapoa. Radhi zangu mnazo, zote, sikubakiza.

Nikinyamaza msianze kupiga mayowe. Nifunikeni shuka, mwendelee kugawa mpaka kikapu cha mwisho kitoke, ndipo mlie mtakavyo. Nimeshachoka kusema... Mkubwa. Wanagonga. Fungua mlango, baba, wasisimame juani.