Dada Nukta na Kitufe cha Kuruka Neno

Ndugu wafiwa, majirani na marafiki, tunaomba utulivu wenu kidogo, maana marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Dada Nukta, hakuvumilia mtu kukatizwa katikati ya sentensi, na leo si siku ya kumuudhi.

Dada Nukta alizaliwa tarehe 14 Februari 1958, mtoto wa tatu kati ya saba wa baba fundi cherehani na mama mkunga, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, kisha sekondari hadi 1975, ambako aliongoza kwa kuandika na kushika mkia kwa kuimba, na mwaka 1977 akahitimu mafunzo ya upigaji chapa kwa kasi ya maneno themanini kwa dakika bila kutazama vidole, jambo alilotukumbusha mpaka tukachoka.

Tarehe 6 Juni 1978 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, kwenye chumba cha ghorofa ya pili chenye madirisha mawili na wapiga chapa saba, na mwaka 1986 kompyuta zilipoingia, fundi mmoja mpole aliyeletwa kuzihudumia akawatungia programu ya kuandikia, nzuri kweli, isipokuwa kitu kimoja kilichomkosesha dada raha. Kitufe cha kuruka neno, ukikibonyeza peke yake, kilipeleka kishale, yaani kile kimstari kinachowaka na kuzimika kwenye skrini, hadi mwanzo wa neno linalofuata, lakini ukikibonyeza baada ya kitufe cha kubadilisha, kiliishia mwisho wa neno lilelile, kikalifuta na kuiacha nafasi tupu inayolifuata. Kwa dada huo ulikuwa ukigeugeu mtupu, kitufe kimoja kuwa na kauli mbili, basi kwa miaka miwili alimwandikia fundi barua kumi na tisa za malalamiko, zote zimepigwa chapa, zote zina nakala.

Jumanne, tarehe 12 Aprili 1988, fundi alichoka, akakirekebisha kitufe kama alivyoombwa, asimwambie mtu, na wala hakuna aliyekumbuka kwamba vidole sabini vya chumba kile vilikwisha kuzoea tabia ya zamani. Kufikia mchana, kurasa arobaini za kitabu cha sayansi kilichosubiriwa mtamboni zilikuwa na maneno yaliyogandana mawili mawili, maana kitufe sasa kilifuta neno pamoja na nafasi yake, na nyingi, tusifiche, zilitoka mezani kwa dada, na mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Meneja alipandwa na hasira, akaandika kwa mkono barua ya kumfukuza fundi kazi, akampa dada aipige chapa, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko wote. Dada aliisoma, akasimama, akamwambia mbele ya chumba kizima, "Hii siipigi. Kosa nililiomba mimi, kwa barua kumi na tisa, na nakala ninazo."

Meneja alisoma nakala tatu, ya nne ikamchekesha, akaichana barua yake, na fundi akakirudisha kitufe kilivyokuwa, akamweleza dada kwa mara ya kwanza kwamba alikitunga vile kwa makusudi, kwa sababu anayebadilisha neno bado anaihitaji nafasi yake. Shukrani za fundi zilichukua miezi minane, wakafunga ndoa Jumamosi, tarehe 17 Desemba 1988, naye ndiye shemeji yetu huyu aliyeketi hapa mbele. Mungu aliwajalia binti mwaka 1990, mtoto wa kiume mwaka 1993, na wajukuu watatu ambao dada aliwasahihishia hata kadi walizomwandikia za siku ya kuzaliwa.

Alistaafu mwaka 2018, na Agosti 2021 akapatwa na kiharusi kilichodhoofisha mkono wa kulia, shemeji akahamishia amri zote upande wa kushoto wa kibodi, ila kitufe kile alionywa asikiguse tena. Kwa mkono mmoja dada alianza kuiandika historia hii mwenyewe, akisema sisi hatujui pa kuweka mkato, hadi alipofariki dunia Jumapili, tarehe 9 Machi 2025, saa tatu asubuhi, kwa homa ya mapafu, akiwa na umri wa miaka sitini na saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, waliokubali kusahihishiwa maandishi ya ubao wa wodi, majirani waliopokezana kukesha naye, na wale wapiga chapa wenzake, mstari ule wa pili, waliokuja na miwani yao.

Jana shemeji aliifungua historia hii ili aikamilishe, akakuta mstari wa mwisho wa mkewe, "Dada Nukta anaishi na mume wake, fundi, kwa furaha," nasi tukamwambia abadilishe lile neno moja tu, "anaishi." Alibonyeza kitufe cha kubadilisha, akabonyeza cha kuruka neno, neno likafutika, nafasi ikabaki, kishale kikiwaka na kuzimika, naye akashindwa kuandika chochote, akaniagiza mimi, mdogo wa marehemu, niusome mstari ulivyo.

Dada Nukta … na mume wake, fundi, kwa furaha.

Pumzika kwa amani, dada, nafasi yako hatuigusi.