Atalala, Si Amelala: Jinsi Bwana Alivyotupatia Kiti

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Nasimama mbele yenu na karatasi mkononi, kwa maana jambo hili limesimuliwa hapa mtaani Lucky Summer kwa njia nyingi, na zote zina kasoro. Nilikuwa karani wa masjala serikalini hadi nilipostaafu. Kumbukumbu ikipotoshwa, mimi sipati raha.

Ndugu zangu, mke wangu alipooza upande wa kulia. Mwanamke aliyezunguka soko la Gikomba akichagua nguo na kurudi nyumbani akiimba, akawa hawezi hata kujigeuza kitandani! Nilimletea kiti cha magurudumu cha kawaida, chenye mgongo wima. Alikaa kidogo tu, akaanza kuinama na kuteleza, nami nikamrudisha kitandani. Kwa kulala mno akapata kidonda chini ya mgongo. Muuguzi aliniambia waziwazi: kidonda hiki kikizidi kuchimba, tutampoteza.

Ilibidi apate kiti ambacho mgongo wake hushuka, aegemee na kubadilisha mkao. Nikafanya kazi niliyoizoea: nikafungua faili. Nikapima mlango, ujia na veranda. Nikawahoji wauzaji. Mmoja alithubutu kunijibu, "Mzee, mgonjwa ni mgonjwa, beba chochote!" Nilitoka dukani mwake bila kuaga. Wiki zikapita, faili likanenepa, mke wangu akakonda.

Ndipo nikanyenyekea, kidogo tu, nikaandika ombi lisomwe hapa kanisani. Nakala ninayo: "Mama Mumo atalala kwa amani tukipata kiti cha kuegemea. Tuombeeni." Ndugu zangu, niliandika ATALALA. Katibu wetu mpendwa, ambaye alikuwa ameacha miwani nyumbani, akasoma AMELALA. Silabi moja! Machozi yakamzidi, na maneno yaliyobaki hayakusomwa kamwe.

Mchana huo nikasikia wimbo wa mazishi langoni. Akina mama walikuwa wamejifunga leso, chupa za chai mikononi.

"Baba Mumo, ni nani amekufa?" mke wangu akauliza kutoka chumbani.

"Ni wewe," nikamjibu kwa ghadhabu.

Ndugu zangu, alicheka! Tangu augue sikuwa nimesikia kicheko kile. Akapaza sauti: "Ingieni! Lakini chai ya kwanza ni ya marehemu!"

Kati ya waombolezaji wale alikuwamo dada Kavata, anayewafanyisha wagonjwa mazoezi ya viungo hospitalini. Nikamkabidhi faili kwa fahari. Akalisoma lote, akalifunga.

"Baba, mlango umeupima mara tatu. Mama umempima?"

Nikapekua faili tena; kipimo chake hakikuwamo.

"Na umemuuliza anachotaka?"

Haleluya! Hapo ndipo Bwana aliponishika. Ndoa yetu yote nimekuwa nikimjazia mke wangu fomu, na sikuwahi kumsomea maswali.

Mama Mumo akajibu mwenyewe: "Nataka kukaa verandani nione watu. Nisiteleze. Na huyu mzee asiniinue kila saa, mgongo wake umechoka." Nililia, ndugu zangu. Mimi nahangaika na vipimo, kumbe yeye amelala na kidonda akiuhurumia mgongo wangu!

Kavata akatoa futi ya fundi cherehani. Akampima nyonga, mapaja hadi nyuma ya goti, miguu, na mgongo hadi utosini. Akanifundisha kwamba mgongo wa kiti ukishuka peke yake, mwili huteleza na ngozi huburutwa, kidonda kikachimbuka upya. Basi sehemu ya kukalia nayo iweze kuinuka upande wa mbele, miguu iinuliwe, kichwa kishikiliwe, na mto uwe ule wa kuzuia vidonda. Hayo yote hayakuwamo katika faili langu.

Kavata akatupeleka kwa muuzaji anayemfahamu, na hapo Mama Mumo akajaribishwa viti vitatu. Mimi nilikipenda kipana kuliko vyote, kwa uimara wake. "Baba Mumo," mke wangu akasema, "hicho ni cha watu wawili. Au unapanga kupanda?" Akachagua chembamba, kilichomkumbatia vizuri. Nilifunga mdomo, na huo, wanaonijua watakubali, ni muujiza wa pekee.

Leo kidonda kimefunga. Kila asubuhi anakaa verandani akiwasalimu wapita njia kwa majina, na akichoka namlaza nyuma taratibu bila kumwinua. Bwana amemponya yeye kidonda, na mimi ameniponya kiburi. Katibu nimemsamehe rasmi.

Wewe unayemuuguza mtu wako nyumbani, umepima kila kitu na bado umekwama, mtumaini Mungu huyu. Usione haya kuomba. Tena mwulize mgonjwa wako, umsikilize hadi amalize.

Mama Mumo yuko pale kwenye ujia, mnamwona. Nilimwuliza kama angependa kuongeza neno. Ananipungia mkono wa kushoto: anasema nimesema vya kutosha, nikakae karibu naye.

Nakwenda. Mungu awabariki.