Unga wa Kobe

Mshonaji alikuwa anampeleka kobe wa marehemu mama yake kwa daktari wa mifugo. Kinyozi, jirani yake kwenye basi, akaomba kumpakata.

"Dawa ya minyoo ilimvuruga tumbo, akawa anaharisha maji tu," mshonaji alisema. "Daktari akanipa unga wa bakteria wazuri, namnyunyizia kwenye majani. Mungu ambariki yule baba."

"Bakteria wazuri? Dada, umeuziwa maneno. Angepona tu."

Basi lilipofunga breki kituoni, kobe akajisaidia kwenye koti jeupe la kinyozi. Mshonaji akainama kuangalia. Kinyesi kilikuwa kigumu. Machozi yakamlengalenga. "Ahsante, Mungu wangu," akasema, kisha ndipo akakumbuka kutoa pole.

"Angepona tu," kinyozi alinung'unika, huku akilinyoosha koti ili aone vizuri.