Haki Iliyo Kwenye Dashibodi

Ndani ya basi la jiji la Toledo, Verlene alijifanya anasoma gazeti, ingawa lilikuwa la juzi. Kwenye kiti cha mbele yake, kijana aliyekuwa anaenda kuchukua gari lake gereji alikuwa akimsomesha sheria bibi asiyemjua. "Polisi akinisimamisha, mama, asiponiuliza silazimiki kumwambia nina bastola. Haki yangu hiyo!"

"Haki unayo, mwanangu. Akitaka kadi ya gari, utaitoa wapi?"

"Kwenye kisanduku cha dashibodi."

"Na bastola unaiweka wapi?"

Kijana akavua kofia, akaivaa tena. "Humo humo."

"Ehe! Basi mkono wako ukiingia humo, hiyo sheria isome haraka kuliko risasi ya polisi."

Verlene akasahau kugeuza ukurasa. Basi likasimama.

"Gereji uliyosema si hii?" bibi akauliza.

Kijana hakuinuka.