Hexley, Manowari Yetu, na Mluzi wa Wilf

Ndugu na majirani, kaeni, wa nyuma sogeeni, mimi ni Dorrie Tulip, dada yake Wilf mpishi, na kwa niaba ya wake na mama wote wa hapa Hebburn nawasomea maisha ya marehemu Hexley, manowari yetu, ambaye leo asubuhi mmemwona wenyewe akikokotwa kwenda kwa wakata vyuma wa Blyth, akakatwe vipande.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Mei 1940, kwenye mto wetu huu wa Tyne, na alizaliwa vibaya, maana yule mama wa kofia ya manyoya alirusha chupa ya mvinyo ya kumbatiza, ikagonga chuma ikadunda, akarusha tena, ikadunda, na chupa isiyopasuka ni mkosi, fundi mmoja nyuma yangu akasema, "Mungu wangu, hilo kaburi," na hata ilipopasuka mara ya tatu hakuna aliyepiga makofi, halafu Septemba kaka yangu si akapangiwa humohumo!

Masomo marehemu alisomea Scapa, bandari ya wanamaji kule Scotland, vuli ya mwaka huo, kuzisikiliza nyambizi chini ya maji, na mkali wa mule ndani alikuwa mzee Rudd, mkuu wa mabaharia, ambaye sheria yake ya kwanza ilikuwa hakuna kupiga mluzi, kwani mluzi unauita upepo, isipokuwa mpishi akichambua zabibu kavu za pudini, huyo lazima apige mluzi bila kukoma, ili wajue hazili, na mnamjua Wilf, akinyamaza tu kidogo Rudd anafoka, "Tulip! Unatafuna nini?"

Kazi alianza mwaka 1941, kusindikiza misafara ya meli kwenda Urusi, baridi ile, barafu inamlemea mpaka wanaikata kwa mashoka asije akapinduka, na Wilf akija likizo alikuwa analala na viatu, mlango ukigongwa tu yuko wima.

Ndoa alifunga na mji wetu, Machi 1942, ukumbini humuhumu, ndiyo siku mji ulipomchukua rasmi awe manowari yake, mahari tukampelekea soksi, nyingine mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake, usicheke, Bibi Cuthbert, zilikuwa zako, na tangu siku hiyo kengele ya baiskeli ya posta, ile ya kuleta telegramu za vifo, ikilia mtaa mzima unabana pumzi, wifi yangu Nell anajifungia chooni anapiga kelele, "Mwambieni nimehama!"

Kuzaa hakujaliwa, lakini alilea zile meli za mizigo, akizizunguka kama kuku na vifaranga, nyingine zilizama mbele yake, na Wilf hizo hazitaji mpaka leo.

Aliugua tarehe 9 Januari 1943, kaskazini ya Norway, saa sita mchana lakini giza, kule msimu huo jua halichomozi, topido, kombora la chini ya maji, ikamkata pua, na kaka yangu alikuwa chini stoo kuchukua zabibu, maji yakaingia, taa zikazima, akapiga kelele hadi sauti ikakauka, mvuke unapiga kelele kuliko yeye, na juu Rudd ameshika mfuniko wa chuma wa hiyo stoo, ameamriwa aufunge akaze, la sivyo meli nzima inakwenda, ameshauteremsha nusu, ndipo ukasikika mluzi, mwembamba, unatetemeka, na Rudd kwa mazoea akabweka, "Nani huyo mshenzi anapiga mluzi melini kwangu?" halafu akaganda, akasema, "Ni mpishi," akaufungua, akamvuta kwa nywele, kisha ndipo akaufunga.

Marehemu akavutwa kinyumenyume na wenzake hadi Scotland, hana pua, akatibiwa, akafanya kazi hadi vita vikaisha, lakini kifua hakikupona, maji yalikuwa yakiingia tu, na amefariki leo, tarehe 3 Juni 1947.

Tunawashukuru mafundi wa gati, madaktari wake, manowari wenzake waliomvuta, majirani mliofuma, na mzee Rudd, yule pale mlangoni, ingia baba usione haya.

Wilf hajapiga mluzi tangu siku ile, hata jikoni kwake, akikunja tu midomo Nell anamziba kwa mkono, nyumba nzima inaogopa upepo, basi Nell, utoe huo mkono leo, na wewe mzee Rudd usibweke, Wilf, simama, mpigie marehemu mluzi.

Pumzika kwa amani, Hexley, upepo haukupati tena.