Historia ya Bwana Mistari, Mchunguzi wa Nyota Zilizokwisha Kuwaka

Ndugu wafiwa, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu na nyote mliofika, mimi ni dada yake mkubwa, na nimepewa kazi hii ya kusoma baada ya wengine watatu kuikataa, kwa hiyo mnivumilie.

Marehemu mdogo wangu, ambaye kazini mlimwita Bwana Mistari, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, katika chumba cha nyuma cha karakana ya baba yetu, fundi saa, akiwa mtoto wa pili kati ya wawili, jambo ambalo hakuwahi kunisamehe. Alianza shule ya msingi mwaka 1965, akamaliza chuo kikuu mwaka 1982, akapata shahada ya udaktari wa falaki mwaka 1988, na tangu siku hiyo hata mama mzazi alitakiwa kumwita Daktari.

Mwaka 1989 aliajiriwa katika kituo cha darubini, akachunguza vibete vyeupe, yaani nyota zilizokwisha kuwaka zikabaki kiini tu, akiutawanya mwanga wake katika rangi na kusoma mistari myeusi inayoonyesha madini yaliyomo katika hewa yake. Madini mazito huzama upesi katika nyota hizo, kwa hiyo yakionekana juu, nyota imemeza mabaki ya sayari zake karibuni. Mwaka 2011 alitangaza kuona kalsiamu, mojawapo ya madini hayo, katika nyota moja, akapewa uprofesa, akavimba kichwa.

Alifunga ndoa tarehe 16 Juni 1984 na muuguzi, huyu aliyekaa mbele yetu bila chozi, nami simlaumu, wakajaliwa binti mmoja, tarehe 20 Januari 1987, aliyemfuata baba yake katika kazi ileile. Mwaka 2014 binti alirudia vipimo, akagundua kwamba usiku ule baba alipopima, mwezi mpevu ulikuwa karibu na nyota, na mwanga wa mwezi ni wa jua, wenye mistari ya kalsiamu ya jua lenyewe, si ya nyota, akamweleza baba faraghani, kwa adabu, ili ajisahihishe. Baba akamwambia mkuu wa kituo kwamba binti huyo hajui kusoma mistari, binti akafukuzwa kazi, na hadi leo anauza miwani.

Marehemu alianza kuugua ini Agosti 2022, akalazwa tarehe 2 Februari 2023, akafariki tarehe 11, mimi nikiwa kando ya kitanda.

Tunawashukuru madaktari, walioitwa wajinga kila asubuhi na bado wakamtibu, majirani, mliochimba kaburi la mtu asiyeitikia salamu zenu, na wafanyakazi wenzake, mlioujua ukweli mkafyata ulimi kwa ajili ya vyeo.

Na wewe mwanangu uliyesimama kule mlangoni, jioni ya mwisho baba yako alinishika mkono akasema, "Ulikuwa mwezi, dada. Nilijua siku ileile aliyoniambia. Usimwambie." Nikamwitikia, maana mgonjwa habishiwi.

Mdogo wangu, pumzika kwa amani, nimemwambia.