Mtego wa Watalii

Kijana wa kiti cha mbele yangu kwenye basi alikuwa amejinyonga kwa tai, anakwenda kwenye usaili wa kazi ya kuongoza watalii katika mji mkongwe. Mazoezi alimfanyia mama wa watu aliyeketi naye, ambaye wala hakuyaomba.

"Nitaanza hivi, mama: mji wetu ni turisti trapu namba moja! Yaani mtego wa watalii. Mgeni akiingia, hatoki."

"Hatoki? Kwani mmemfanya nini?"

"Hatoki kwa raha, mama yangu!"

"Mwanangu, mtego ni wa panya. Wewe sema mji una vichochoro vizuri, basi."

"Hivyo ndivyo wanavyosema wote. Na mimi nimesema kama wote mpaka leo sina kazi."

Mama akamnyooshea tai. "Haya, utaje huo mtego, ila utabasamu."

Kiingereza changu cha shule kilijua kwamba neno lile ni la kuponda: ni mahali pa kumkamua mgeni mpaka akauke. Nikafungua mdomo nimwonye, dereva naye akafungua mlango, na kijana akamsikiliza dereva: akashuka na mtego wake.